Sauti ndani ya Kompyuta Namba Nne

Katika kijiji chetu kizima cha Misiera hakuna mtu asiyeogopa mizimu kama mimi, Alida. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu Jumatatu, nikiwa nimeketi juu ya meza ya mwalimu, miguu ikining'inia, na wao wamesongamana nje ya mlango kama mbuzi walioona mvua.

Kila siku baada ya masomo tunakwenda kwenye chumba cha kompyuta karibu na Base Camp, penye ofisi kuu za kambi yetu ya wakimbizi. Kompyuta ziko sita, zote zimezeeka. Moja huunguruma dakika nzima kabla ya kuwaka. Namba nne ilikuwa ya kwaya. Mwalimu Patrice, kiongozi wa kwaya, alirekodi humo mazoezi yote mpaka alipougua na kufariki mwaka jana. Jumapili ya wiki hiyo familia yake ingeganduka, yaani ingevua msiba, na mjane wake, Mama Capitoline, alikuwa ameomba jambo moja tu: watu waisikie tena sauti ya mumewe. Haikuwepo mahali pengine popote.

Shida ni kwamba sehemu ya sauti ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa. Mwalimu Damascène, msimamizi wa chumba, akachomoa kadi ya sauti kwenye kompyuta mbovu akaipachika humo. Jumatatu akafungua rekodi. Tukamsikia marehemu akikohoa kidogo, kama alivyozoea, kisha akaanza, "Njo..." Hapo picha kwenye kioo ikaganda. Sauti haikuganda. "Njo-njo-njo-njo," ikaendelea kuita bila kupumua, mpaka mwalimu alipochomoa waya ukutani. Wenzangu walikuwa wamekwisha kukimbia. Ndipo nikapanda mezani kujisifu.

Kesho yake mchana nilirudi peke yangu. Nilitaka kuitengeneza ili Jumapili nisifiwe. Nikaiwasha, nikabonyeza rekodi. Kikohozi. "Njo-njo-njo-njo." Chumba kilikuwa kitupu na nje jua liliwaka, lakini kitambaa kilichofunika miguu ya meza kilikuwa kinatikisika, wala hapakuwa na upepo.

Sikukimbia. Nilitembea haraka sana hadi nyumbani, nikachukua chupa ya mama ya maji ya baraka, nikarudi. Bado ilikuwa inaita. Nilikusudia matone matatu tu, kama padri anavyonyunyiza. Kifuniko cha chupa kikachomoka. Nusu ya maji ikaingia kwenye matundu ya juu. Ikasikika "tss", ikaja harufu ya waya unaoungua, na Mwalimu Patrice akanyamaza katikati ya neno. Kimya kile kilinitisha kuliko ile sauti. Nikapangusa kompyuta kwa sweta, nikaondoka, na sikumwambia mtu.

Jumatano haikuwaka. Mwalimu Damascène alidhani kadi yake ndiyo iliyoiua, akashindwa hata kumtazama Mama Capitoline usoni. Alhamisi akaipeleka mjini Mbarara, nami nikaambiwa nisaidie kubeba, kwa kuwa mimi ndiye niliyejifanya mtaalamu.

Fundi wake yuko Kakoba, mtaa mmoja wa mji huo. Anaitwa Pacifique, Mkongo wa Kivu Kusini, mtu mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Aliiweka kompyuta mezani, akashika waya, mkono ukaelekea kwenye umeme. Nikawaza diski yenye rekodi ikiungua na sauti ikipotea nayo.

"Subiri, fundi," nikasema. "Mvua iliingia. Paa letu linavuja."

Akauweka waya chini, akafungua kasha. Kisanduku cha umeme kilikuwa bado na unyevu na kutu imeanza. Akachungulia ndani, akapitisha kidole juu ya kasha, kisha akanitazama.

"Hii mvua iko na akili mingi," alininong'oneza. "Imemwaga mayi ndani, halafu imepangusa juu."

Alibadilisha kisanduku, akakausha kila kitu kwa subira, na diski ikaonekana nzima. Kompyuta ilipowaka, akatuonyesha chanzo cha ule wito. Kila kifaa, alieleza, kina programu yake ya kukiongoza, mafundi huiita draiva. Ya ile sehemu iliyokufa ilikuwa bado imo, na ya kadi mpya imeongezwa. Zote mbili zikagombania sauti moja, kama kwaya yenye waongozaji wawili, mpaka mashine ikakwama kwenye silabi. Akaizima ya zamani, akaweka upya ile inayofaa kadi. Kikohozi. "Njooni..." Neno likakamilika. Fundi akasimamisha rekodi hapo hapo, akasema yanayofuata ni ya familia.

Wakati wa kufunga kasha alizungumza na mimi kwa sauti ya chini, mwalimu asisikie. "Mashine haifiche kitu, mwanangu. Mutu ndiye anaficha. Ukificha kosa, mwenzako anatafuta ugonjwa pahali haiko, na kitu kinakufia mukononi. Kosa lako lilikuwa dogo. Kunyamaza ndiko kulikuwa kukubwa."

Niliitikia kwa kichwa na kuendelea kunyamaza. Ijumaa yote Mwalimu Damascène alikuwa juu ya paa akitafuta tundu ambalo halikuwepo, na nyundo ikamponda kidole gumba.

Jumapili ua wa Mama Capitoline ulijaa. Baada ya sala, kompyuta ikawashwa, na watu wakiwa bado wanapangwa mimi nikawasimulia akina mama jinsi nilivyookoa sauti ya marehemu kwa kumtahadharisha fundi kuhusu mvua.

"Haikuwa mvua."

Alikuwa Umuhire, binti wa marehemu, wa miaka sita, kwenye mapaja ya mama yake.

"Dada Alida alimmwagia baba maji ya baraka," alisema. "Nilikuwa chini ya meza. Kila siku naenda pale kumngoja baba aongee."

Mwalimu Damascène alitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa, kisha akanitazama mimi. Mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kubonyeza rekodi. Kikohozi kikasikika, halafu ile sauti, safi, kama mtu aliyesimama katikati yetu.

"Njooni mbele," alisema Mwalimu Patrice. "Mbona mnajificha?"