Kikwembe Juu ya Paa la Gari

Panga la kwanza lilivunja paneli ya sola. La pili likaingia kwenye mkono wa kulia wa Nourdine.

— Unalala na dada yangu mu gari, kisha unaanika kikwembe yake huku juu watu wote waone?

Aliyeuliza ni Djafari, kaka mkubwa wa Asma na walii wake wa kumwozesha tangu baba yao afe. Nourdine aliporomoka kutoka paa la Land Cruiser yake kuukuu mpaka kwenye vumbi la Kasongo, na Djafari akashuka akamkalia kifuani.

Jamani, ndani ya gari lile ndimo Nourdine na Asma wangeishi baada ya nikaha ya Ijumaa. Kitanda nyuma, sola juu, wachaji simu za watu kila soko mpaka Kabambare. Asubuhi ile Nourdine alikuwa anafunga paneli ya pili, na Asma alimpa kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, aifunike, kwa sababu paneli inayopigwa na jua hurusha cheche ukigusa nyaya zake. Ndiyo maana ya kikwembe. Aliyekigeuza kuwa uzinzi masikioni mwa Djafari alikuwa pale pale, mikono kifuani kama anatazama mpira: Fidèle, rafiki wa Nourdine, aliyemsaidia kuchomelea vyuma vya paa.

Asma alimng'ata kaka yake begani. Akasukumwa, kichwa kikagonga mlango wa gari. Akapenyeza mkono ndani atafute simu, amwite baba mdogo. Humo simu za mtaa mzima zilikuwa zinachajiwa. Aliyoishika ikaita, akabonyeza. Kumbe ni ya Fidèle, ile mbovu inayoongea kwa sauti kubwa tu, na mwanamume wa upande wa pili akaanza bila kujua nani anasikia.

— Fidèle, pikipiki iko tayari. Djafari akimaliza kumukata ule bwana, tunamubeba Asma mpaka Salamabila, umuoe kule. Ile maneno ya kikwembe, aliiamini?

Ubaya una wenyewe, lakini huyu aliacha simu yake ichajiwe kwa mtu ambaye yeye mwenyewe anataka auawe.

Fidèle aliirukia simu. Djafari akampiga ubapa wa panga mdomoni, meno yakamwagika, akamwangusha, kisha akageuza upande wa makali.

— Shemeji, acha, Nourdine akasema akiwa chini. Ukimuua, nani ataniozesha Ijumaa?

Panga likaanguka. Asma alivuta kikwembe kutoka juu ya paa, akafunga jeraha kwa nguvu. Hakulia; akamgeukia kaka yake.

— Yaya, ule mukono umekata ndio ule utashika Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Nourdine akanyoosha mkono uliofungwa, Djafari akaupokea. Imamu akangoja washikane vizuri, lakini vidole vya bwana harusi havikukunjika. Djafari akavikunja mwenyewe, kimoja kimoja, juu ya kiganja chake. Machozi yakamdondoka, ndipo akatamka maneno ya kumwozesha dada yake.

Jumamosi aliyepanda kufunga paneli mpya ni Djafari. Nourdine alimwelekeza kutoka chini, kwa sababu mkono wake haukuweza tena kushika bisibisi.