Programu Aliyoiandika Nasike

Nasike na Njogu walikutana soko la nyama la Burma, Nairobi, Jumamosi moja ya mwaka 1986, kila mmoja ameshika upande wake wa mguu uleule wa mbuzi. Nasike alivaa gauni la maua, Njogu suti ya kijivu iliyonyooka kwa pasi.

"Chukua, siste," Njogu alisema. "Lakini niambie unaenda kuupikia wapi."

"Kwangu, mtaa wa Tena. Na usinifuate."

Alimfuata, tena kwa furaha ya Nasike mwenyewe. Nasike aliandika programu za kompyuta katika idara ya serikali. Njogu aliuza kompyuta. Mapenzi hayana macho, na haya hayakuwa hata na fimbo ya kupapasia. Kila saa saba mchana simu ya ofisini ililia.

"Switi, umekula?"

"Nimekula. Halafu ile programu ya kadi za wagonjwa imeisha."

"Si unipe nakala, mpenzi? Masista wa zahanati ya Mukuru kwa Njenga wana kompyuta imekaa tu. Nitawawekea."

Kutoa diski nje kulikatazwa, kwani kazi ile ilikuwa mali ya serikali. Nasike aliona imelipiwa kwa kodi ya wananchi, na wagonjwa wa Mukuru ni wananchi. Akampa.

Januari iliyofuata, mkubwa wake, Bwana Simiyu, alimwekea mezani tangazo. Kampuni ya Njogu ilikuwa ikiiuzia serikali programu mpya ya kadi za wagonjwa, haki zote zimehifadhiwa. Katika picha ya skrini, mgonjwa wa kwanza aliitwa Nabwire. Ndilo jina Nasike alilotumia alipokuwa akiijaribu programu.

"Unamjua huyu?" Simiyu aliuliza.

"Ni mama yangu."

Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Jumapili mchana Njogu alibisha mlango wake kule Tena, kashika maua.

"Masista uliwawekea?" Nasike aliuliza.

"Nilikuwa naenda." Njogu aliinamisha macho. "Lakini hiyo kitu haikuwa ya mtu, Nasike. Nilifanya kwa ajili yetu. Mwezi ujao nataka kuleta wazee kwenu, waniombee mkono wako kwa mama."

"Mama yupi? Wangu umeshamuuza."

Alifunga mlango. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuuma kuliko kazi.