Jumapili Hii Hatuendi

Jengo lilikuwa na lifti tatu. Ya kwanza haikuwahi kutembea tangu siku ya uzinduzi, siku ambayo wakubwa walikata utepe mbele yake, wakapigwa picha, kisha wakapanda kwa ngazi. Ya pili ilikuwa stoo ya mifagio. Ya tatu, Jumatano ile saa nane kasoro dakika kumi, ilikuwa imefunguliwa tumbo, na watu kama thelathini wenye mifuko mikononi walikuwa wakiitazama miguu miwili ya mwanamume aliyezamisha kichwa kwenye dari yake.

"Wewe mwenye miguu," sauti ya kike iliita. "Mgonjwa anapona leo, au tulete sanda?"

"Mgonjwa anauawa na watu wanaobonyeza kitufe mara arobaini, dada," miguu ikajibu.

"Sinema yangu inaanza saa nane. Iko ghorofa ya tano."

"Ngazi ziko kulia."

"Ngazi hizo nazijua kuliko wewe. Nimezipanda mwaka mzima hii lifti ikisubiri kipuri. Tuliandika barua, tukaweka sahihi mia mbili, tukajibiwa kwamba mazoezi ni afya."

Watu wakacheka, na mwanamume akashuka kumwona mwenye ulimi huo. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya haradali lenye mikono mifupi, pindo limenyooka kama lililochorwa kwa rula. Mkasi mdogo ulining'inia shingoni kwa uzi mweusi, na pini tatu zilikuwa zimechomekwa kifuani. Yeye mwenyewe fundi alikuwa na grisi kwenye paji la uso, na ovaroli ya buluu iliyopauka magotini.

"Dakika tano," akasema.

"Tano za saa, au tano za fundi?"

Zilikuwa nne. Akapanda naye ili kuijaribu, na walipofika ghorofa ya tatu mwanamke akaligusa bega lake kwa ncha ya kidole.

"Hapa pamefumuka."

"Nimepafumua leo."

"Pamefumuka siku nyingi. Aliyekushonea alipiga bandi tu, mishono ya muda, akaenda zake. Niletee nitie mshono."

"Nikuletee wapi?"

"Chini, mlango wa nyuma, chumba chenye cherehani mbili. Uliza Pindo." Milango ikafunguka kwenye ghorofa ya tano. "Na uje ukiwa umevaa nguo nyingine, usije ukasimama kifua wazi mbele ya wateja wangu."

Alikwenda kesho yake. Bega likashonwa, na mazungumzo yakaanza yasiishe.

Jina la Pindo alipewa kwa msemo wake mmoja: mwanzo kila mtu anaweza, nionyeshe pindo. Alikuwa anausema kwa magauni, na alikuwa anausema kwa filamu. Kila Jumatano alifunga cherehani, akapanda kuona filamu mpya, na akirudi alilitumia kundi lake la simu, lenye wateja na washonaji tisini, sauti tatu. Ya kwanza ilitaja filamu. Ya pili iliipasua. Ya tatu ilitoa hukumu: nendeni, au kaeni nyumbani. Hakuwa amesomea sinema, kama ambavyo hakuwa amesomea ushonaji. Alikuwa na macho, na alikuwa na hasira ya muda mrefu.

"Hii ya tajiri anayejifanya mtunza bustani," aliwahi kusema, "kitambaa cha bei, mshono wa haraka. Analima miezi mitatu, kiganja hakina hata lengelenge moja. Halafu tunaambiwa amejua maisha ya watu wa chini. Aje hapa ashike mkasi siku moja tu."

Na nyingine: "Mke wa yule mpelelezi ana gauni moja filamu nzima, jeupe. Anapika nalo, analia nalo, anatekwa nalo siku nne ghalani, na bado jeupe. Anayefua ni nani? Mbona huyo mfuaji hatumwoni?"

Lakini ile ya ndugu wawili wazee wanaogombania kuuza nyumba ya mama yao aliisifu mpaka sauti ikamkauka. "Hiyo ina bitana. Nendeni na leso."

Fundi lifti, ambaye sasa alikuwa anaitwa Ghorofa na mtu mmoja tu duniani, hakuwa na nafasi siku za kazi. Kwa hiyo wakajiwekea utaratibu wao. Jumatano Pindo anaonja, Jumapili anampakulia. Filamu ikifaulu, Jumapili wanakwenda wote, yeye na shati lake la mistari, Pindo na gauni ambalo halijawahi kuonekana na mtu. Ikishindwa, neno lilikuwa moja: Jumapili hii hatuendi. Basi wanatembea tu mjini, wanakula mahindi ya kuchoma, wanasengenya majengo.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia wakati mkuu wa karakana alipomwita Ghorofa. Kampuni ilikuwa inafungua tawi mji wa mbali, mkataba miaka miwili, bila likizo mwaka wa kwanza. Alihitajika fundi mmoja. Jibu Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana, karatasi mezani.

Ghorofa hakutaka kwenda. Alitaka kumwambia Pindo waoane, kisha amwambie mkuu hapana. Ila kila alipofungua mdomo, maneno yalikwama kati ya ghorofa.

"Kuna jambo nataka kukwambia," alisema.

"Sema, mpenzi."

"Kesho."

Kesho yake akasema kesho kutwa. Zikapita wiki mbili hivyo, Pindo akimtania kwamba huenda hilo jambo nalo linasubiri kipuri.

Jumatano ya wiki ya tatu, bango jipya lilitundikwa mlangoni mwa sinema: mwanamume mwenye mabega mapana, ndani ya ovaroli, spana mkononi, nyuma yake shimo la lifti. Pindo alicheka peke yake. Hakumwambia Ghorofa chochote. Aliitaka iwe zawadi yake ya Jumapili, ikifaulu.

Dada yake Ghorofa, mpishi wa shule na mteja wa Pindo, alikuwemo kwenye kundi. Mchana ule alikaa juu ya gunia la viazi, akafungua simu. Sauti ya kwanza iligoma kufunguka, mtandao ulikuwa unasuasua. Akafungua ya pili.

"Huyu fundi lifti jamani nimemvumilia," Pindo alikuwa anasema. "Mwanzoni nilimpenda, siwafichi, ana mabega. Lakini maneno matamu, kazi hamna. Kila siku anamwambia mwanamke kesho, kesho, mpaka nimechoka mimi. Mnanijua, sijawahi kumwacha mtu kabla sijaona pindo lake. Leo nimesimama, nikachukua mkoba wangu, nikamwacha anaongea peke yake. Basi. Huyu nimemwacha."

Dada alisikiliza mara mbili. Akamtumia mdogo wake, na chini akaandika: Sikiliza mwenyewe. Pole, mdogo wangu.

Ghorofa aliisikiliza akiwa amekaa juu ya chumba cha lifti ya ofisi za bima, miguu inaning'inia gizani. Akaifuata neno kwa neno. Mabega. Kesho, kesho. Hakuna lililokosea anwani. Saa kumi na moja akapiga simu.

"Pindo."

"Mmh. Sema, nina pini mdomoni." Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya mtu yeyote aliyebana pini sita kwa meno huku mteja amesimama juu ya stuli.

"Nilikuwa nauliza habari ya Jumapili."

"Jumapili hii hatuendi."

"Umeamua?"

"Niliamua palepale. Nimeona ya kutosha, sitaki kukupotezea muda wako. Tutaongea kesho, bwana, huyu mama amechoka kusimama."

"Kesho," Ghorofa akarudia, akakata.

Hakulala vizuri, wala hakuuliza. Kuna wanaume ambao ukiwapa lifti iliyokufa wataiuliza maswali mia, waya kwa waya, mpaka iseme kinachoiuma. Ila mtu wanayempenda hawamwulizi hata moja. Alhamisi asubuhi akamwambia mkuu kwamba atakwenda. Simu ya Pindo ikaita mara tatu, hakuipokea. Ukaja ujumbe: Ghorofa, umekwama wapi? Akaufuta, kisha akajuta kuufuta.

Ijumaa saa tatu akatumwa kwenye jengo la sinema. Lifti ile ile ilikuwa imegoma, safari hii kwenye ghorofa ya tano. Akazima swichi kuu, akatia kufuli, ufunguo mfukoni, akaweka mkoba wa vifaa chini. Alipoinua macho akakutana na mwanamume mwenye ovaroli nyeupe pee, anamtazama kutoka kwenye bango.

"Umemwona mwenzako?" mama wa tiketi akauliza kutoka dirishani, anapepea uso kwa kijitabu. "Yule mchumba wako ametoka Jumatano kabla haijaisha. Miaka yote hii sijamwona akitoka. Amepita hapa anafoka, eti huyu si fundi, huyu ni mabega tu."

Ghorofa alisimama na bisibisi mkononi.

"Amesema hivyo? Mabega?"

"Mabega, na kesho. Eti kila siku anamwambia mwanamke kesho. Mwanangu, unaumwa?"

"Inaanza saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini lifti?"

Lifti akaitengeneza kwa dakika ishirini. Kisha akanunua tiketi, akakaa safu ya tatu na ovaroli yake, peke yake isipokuwa wazee wawili waliokuja kwa ajili ya feni.

Filamu ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba alitamani kumkumbatia aliyeitengeneza. Fundi wa kwenye kioo aliingia shimoni bila kuzima umeme. Alifungua boliti kwa koleo la kukatia waya. Akamshika mwanamke mkono, akamwambia kesho, na Ghorofa akaanza kucheka. Alipomwambia kesho mara ya nne alicheka mpaka mzee mmoja akageuka.

"Kijana, si kichekesho hiki. Baba yake amekufa."

"Najua, mzee. Nisamehe. Ni nzuri mno."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Kitu kilichomkaa kifuani tangu Jumatano kilishuka taratibu, ghorofa kwa ghorofa, kikatua. Akabaki mpaka mwisho, kwa sababu Pindo hakuuona, na alitaka amsimulie.

Saa sita kasoro robo akampigia mkuu simu akiwa ukumbini.

"Mkuu, ile karatasi nimeghairi. Siendi. Nastahili lawama."

"Lawama chukua," mkuu akasema. "Fundi wa zamu ya pili ananiomba nafasi hiyo tangu Jumatatu, nimekosa tu namna ya kukwambia. Umeniondolea mzigo, ndugu yangu."

Akashuka kwa ngazi, mbilimbili.

Kwenye chumba chenye cherehani mbili alimkuta dada yake amekaa kwenye stuli ya wateja, kichwa chini, kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Alikuja kuchukua gauni lake kwa ukali, akamwambia Pindo abaki na filamu zake, mdogo wake anaondoka miaka miwili. Pindo akauliza anaondoka kwenda wapi. Katika kuulizana huko ile sauti ya kwanza ilifunguliwa, wakaisikiliza pamoja mpaka mwisho.

"Mtandao," dada akasema alipomwona mdogo wake. "Mtandao ndio ulioniponza."

"Wifi, mtandao haukukutuma useme pole," Pindo akasema. Kisha akamgeukia Ghorofa. Alikuwa amevaa buluu ya bahari siku hiyo, na macho mekundu. "Na wewe. Filamu mbaya kama ile naipa dakika tisini. Mimi umenipa dakika moja na nusu."

"Kweli."

"Simu tatu."

"Kweli. Na karatasi nilitaka kusaini, na sikukwambia. Hayo yote ni yangu. Karatasi nimeighairi sasa hivi."

Pindo akashusha pumzi ndefu, akakaa. Mkono wake ukatafuta kitambaa chochote cha kushika, ukapata kona ya ovaroli.

"Miaka miwili," akasema taratibu. "Ungeondoka kwa sababu ya yule mwenye kuvaa ovaroli ya harusi."

"Nimetoka kumwona."

"Umekwenda? Ukaona anavyoingia shimoni bila kuzima swichi?"

"Nimeona. Lakini wewe hukuona pindo." Akachuchumaa mbele yake. "Dakika kumi za mwisho anazima. Anatia kufuli, ufunguo anaweka mfukoni, kama mimi. Na ovaroli imechafuka, mpaka kwenye kola. Akitoka shimoni anamwambia yule mwanamke leo. Hasemi kesho. Anasema leo."

Pindo akamtazama, akimtafuta uongo usoni, asiuone.

"Kumbe nimewaambia watu tisini wakae nyumbani, na pindo lipo."

"Wewe ulikosa mwisho, mimi nilisikia katikati."

"Na mimi nilikosa mwanzo," dada akasema kwenye stuli. Hakuna aliyemjali.

"Lile jambo la kesho," Pindo akasema. "Kipuri kimefika?"

"Kimefika. Leo. Nataka unioe."

"Nikuoe mimi?"

"Nikuoe. Tuoane. Shika upande wowote."

Akacheka, kile kicheko chake cha kutupa kichwa nyuma, mkasi ukagonga vifungo vya gauni. Akaukata uzi mmoja uliokuwa unaning'inia begani mwa ovaroli, pale aliposhona mwenyewe mwaka uliopita. Mshono ulikuwa bado umeshika.

"Wifi yangu ndiye atakayepeleka habari kwa mama," akasema. "Na aipeleke yote, kuanzia salamu."

Kisha akachukua simu, akalifungua kundi, akaisogeza mdomoni.

"Jamani, ni mimi. Ile ya Jumatano nimeihukumu kabla haijaisha, na nimekosea. Jumapili hii tunakwenda."