Mlango wa Siku ya Tatu

Jua lilikuwa linazama fundi seremala alipokwenda kurudisha randa ya shule. Miezi tisa tangu bahari ipande mashambani, alikuwa amewasimamishia wenzake nyumba ishirini na mbili. Yake ilikuwa ya mwisho. Kinyozi hajinyoi, walimtania, naye alichoka hata kucheka.

Mkewe na binti yao wa miaka miwili walikuwa wametoka kwenye hema na kuhamia humo jana tu. Hema lilimwachia mtoto kikohozi cha kukwaruza kifua. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia wazi: mtoto akilala penye baridi na unyevu tena, atamzika.

Ndiyo maana aliharakia mlango. Hata sasa bahari ilikuwa bado inatema milango ya watu. Makubaliano yalikuwa kwamba kila mlango uliookotwa ulazwe katika uwanja wa shule siku saba, wenyewe waje wautambue, ndipo ugawiwe. Fundi alichukua mmoja siku ya tatu, akaupachika kwake. Mwekundu, mbao ngumu, bawaba zake nzima. Nani angekuja kuuulizia? Ulikuwa wa ng'ambo ya mto, na kijiji kizima cha huko kilikuwa kimekwenda na maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Afadhali umekuja." Mwalimu mkuu alipokea randa. "Ule mlango mwekundu, wenyewe wamekuja."

"Lini?"

"Sasa hivi. Baba, mama, na watoto watatu. Nimewaelekeza kwako. Mvua imeanza huko kwenu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Walikuwa wamelowa chapachapa."

Fundi hakuaga.

Alikimbia. Njia ilikuwa kavu, vumbi likifuka miguuni... lakini harufu ilikuwa ya tope. Tope na mwani uliooza. Kadiri alivyokaribia nyumbani ndivyo ilivyozidi kumkaba koo.

Mlango ulikuwa wazi.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto kifuani, taa pembeni.

"Wageni wako hawajui hodi," alinong'ona. "Wamepita kama kwao."

"Wako wapi?"

Mke alionyesha sakafu kwa kidevu.

Nyayo. Kubwa, za kati, ndogo. Zote zimelowa, zote zinaingia.

Hakuna hata moja iliyotoka.

Chumba kilikuwa kimoja, na ndani yake walikuwa watatu tu. Fundi alichukua bisibisi, akashika bawaba ya juu. Angeurudisha uwanjani usiku huohuo, hata kama ni kuubeba kichwani.

Skrubu ya kwanza ilipolegea, mvua ikashuka. Ya upepo, ya kupiga ubavu. Maji yakaingia hadi ukingoni mwa mkeka, na mtoto akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi.

"Funga," mke akasema.

"Mama watoto, hawa si..."

"Najua si watu. Ukiutoa mlango, mtoto hafiki asubuhi. Funga, mume wangu. Wamechoka. Na sisi tumechoka."

Fundi aliikaza skrubu. Alifunga. Aliona haya na aliona hofu, lakini zaidi ya yote alitaka kulala. Walijisogeza upande mmoja wa mkeka, wakauacha mwingine mtupu. Mke akapuliza taa.

Giza. Mvua juu ya bati. Mtoto akikohoa katikati yao, akikohoa, akikohoa...

Kisha mkeka ukazama upande ule mtupu. Polepole, kama mtu anayejilaza asimwamshe mwingine. Mkono wenye ubaridi wa maji ya kina ulipita juu ya kifua cha fundi, ukamtafuta mtoto, ukaanza kumpigapiga mgongoni. Sauti ya mwanamke ikaimba chini chini wimbo wa kubembelezea ambao fundi hakuujua.

Kikohozi kikakoma.

Fundi alilala macho wazi, asithubutu kunyoosha mkono kuhakikisha kama binti yake amepata usingizi.