Barua Iliyobaki Mfukoni

"Hii ndiyo barua yako ya kwanza ya daktari," karani wa ofisi alisema huku akipekua faili.

"Ya pili," Kola akamsahihisha. "Ya kwanza ni ya mwaka jana, mimba ile nyingine."

Karani akapekua upya, karatasi kwa karatasi, kisha akatikisa kichwa.

Kola ni jina la kiwandani tu, kwa kuwa kazi yake ni kushona kola za mashati. Pale kiwandani barua za wagonjwa hupitia kwa msimamizi wa laini ya ushonaji, na msimamizi wa laini yake ni mumewe; safari hii ameileta barua ofisini mwenyewe. Mwaka jana alimkabidhi barua asubuhi, jioni mume akarudi na jibu kwamba ofisi imekataa, mimba si ugonjwa. Basi akaendelea kukaa kwenye cherehani siku kumi na moja, kiuno kikimkata, mpaka damu ikamwagika pale pale kitini. Tangu hapo hana raha. Cherehani zikizimwa mchana, humsikia mtoto akilia katikati ya ule ukimya, na hathubutu kugeuka, wenzake wasije wakasema amerukwa na akili.

"Nani alikwambia tulikataa?" karani aliuliza.

Akamweleza taratibu: mimba ikileta maradhi, mwajiriwa hupewa likizo ya ugonjwa yenye malipo, hafukuzwi wala hakatwi siku zake za mapumziko. Mwaka jana angelala kitandani mwezi mzima, kama atakavyolala sasa. Kola akaaga. Akatoka nje, akamwandikia mumewe: "Barua ya mwaka jana uliipeleka wapi?"

Ujumbe ukasomwa.

Saa kumi jioni mume alirudi nyumbani, akamkuta ameketi kitandani. Hakupindisha maneno.

"Sikuipeleka."

Watu wa laini walikuwa wakimsema, alieleza, eti mke wa msimamizi anadekezwa. Alitaka asubiri wiki moja maneno yapoe, barua ikabaki mfukoni mwa koti. Baada ya msiba akaichoma.

"Mwaka mzima nakuuliza nilikosea wapi," Kola alisema, "na wewe unanifuta machozi."

"Niliogopa utaniacha."

"Mama yako alinisema mbele ya ndugu zako kwamba sikumtunza mtoto tumboni. Ulikuwa umekaa pale pale, kimya."

Mume akapiga magoti. Kola akamwambia hana haja na magoti yake. Ampigie mama yake sasa hivi, na spika aiwashe.

Simu iliita mara tatu.

"Mama, mjukuu wako hakupotea kwa kosa la mke wangu. Daktari alimwandikia alale, mimi nikaificha barua. Nilijali maneno ya watu. Na sasa ameandikiwa tena alale."

Kisha sauti ya mama mkwe ikaja, imekauka.

"Wewe tutaongea baadaye. Mpe simu mwanangu."

Kola akaipokea kwa mikono miwili.

"Nipo, mama."

"Nisamehe. Kesho nakuja kukuuguza, usiinuke kitandani. Na huyo alale sebuleni."

Mume akachukua mto wake bila kuambiwa mara ya pili. Kola akajilaza ubavu, akamlilia mtoto wake wa kwanza kwa sauti, na safari hii hakujilaumu.