Bakuli la Bi Mannubia

Wekeni simu chini kidogo, jamaa zangu, hazitakimbia. Hata wewe uliyeificha chini ya mtandio, nakuona. Nina kisa cha mtaa wetu hapa Kairuani, na sikisimulii ili kumcheka mtu. Nakisimulia kwa sababu bado kinaniuma, na kwa sababu huenda jioni ya leo kuna mlango karibu nawe unaongoja kugongwa.

Naziha na Bi Mannubia walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja tu. Naziha aliingia mtaani kama bibi harusi wa Ridha, na chakula alichokijua kilikuwa mayai. Leo mayai ya kukaanga, kesho mayai ya kuchemsha. Ridha alikuwa mume mwema, alikula akanyamaza, lakini Bi Mannubia upande wa pili alinusa akachoka.

"Binti yangu," alimwita siku moja juu ya ukuta, "huyo uliyeolewa naye ni mtu au kicheche?"

Naziha aliona haya hadi masikio yakamwaka. Bi Mannubia akacheka, akamfungulia mlango, na tangu siku ile akawa mwalimu wake. Alikuwa mjane, hana mtoto, na mpwa wake mmoja tu, Latifa, alikuwa ameolewa mbali kule Susa. Alimfundisha Naziha kuchagua nyama ya kondoo, kuunga nyanya na giligilani, na kupika supu ya friki, ile ngano changa iliyobabuliwa motoni. Mwisho wa yote alimfundisha kusugua mnanaa mkavu kwenye kiganja, juu ya sufuria, wakati moto umeshazimwa.

"Bila mnanaa huu umepika maji ya moto," alikuwa akisema. Mnanaa wenyewe aliupanda uani kwake, kwenye debe kuukuu la mafuta.

Na kwetu, kama mjuavyo, harufu ya chungu chako ikivuka ukuta, chakula nacho lazima kivuke. Upawa wa kwanza ni wa jirani, kabla watu wa nyumbani hawajaonja. Na chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kikiwa na tende tatu. Basi lilikuwapo bakuli moja la udongo, la bluu na manjano, lenye samaki aliyechorwa ndani, mali ya Bi Mannubia. Likienda na supu, linarudi na zeituni. Likienda na zeituni, linarudi na mkate wa moto. Watoto wa mtaa walilizoea, wakasema lile bakuli lina miguu.

Nyumba zile mbili zilikuwa na raha. Ningependa kuishia hapo.

Faiza, rafiki wa Naziha tangu shuleni, ndiye aliyemwingiza kwenye kundi la mtandaoni liitwalo Jikoni Kwetu. Wanawake wa miji mbalimbali, kila mmoja analeta chakula anachokipenda, kile chepesi cha kila siku, anaeleza kinavyopikwa. Sitalilaumu kundi. Mabibi harusi wengi walikombolewa kutoka kwenye mayai humo ndani! Mtu akikwama na unga wake anauliza, na kabla hajanawa mikono ameshajibiwa na watu kumi.

Naziha alipeleka supu ya friki. Ilikuwa siku bakuli la samaki liko kwake, linangoja kurudishwa, akapakua humo kwa ajili ya picha kwa sababu vyombo vyake mwenyewe vilikuwa vya kawaida tu. Akaandika, "Supu ya nyumbani kwetu." Jina la Bi Mannubia hakulitaja. Hakukusudia ubaya, lilimpita tu.

Lo! Makopa, vile vialama vya moyo, yalimiminika. "Mikono yako ibarikiwe!" "Dada, hilo bakuli peke yake nimeshiba!" "Umelipata wapi bakuli hilo?" Naziha alisoma ujumbe mmoja mmoja, akarudia tena kusoma. Ridha alikula na kusema "Alhamdulillahi" kama siku zote, lakini hakuna hata siku moja aliyomwambia ameshiba kwa kuangalia bakuli.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ramadhani ilipoingia, Naziha alikuwa ameshakuwa mtu wa kundini. Kila magharibi ikikaribia, wenzake walimwuliza, "Naziha leo katupikia nini?" Na picha nzuri, jamani, haitaki chungu kilichomegwa. Inataka sufuria imejaa, bakuli limejaa, matone ya mafuta ya zeituni yanaelea juu, kila kitu hakijaguswa. Ule upawa wa kwanza, wa jirani, ukaanza kungoja picha.

"Naziha, adhana hiyo," Ridha alimwambia siku moja, tende mkononi.

"Subiri, kuna kivuli hapa. Sogeza mkono."

"Mke wangu, watu wanafuturu kwa tende na maji. Sisi tumeletewa sunna mpya, tunafuturu kwa picha."

"Wewe na maneno yako! Haya, kula."

Walipomaliza kula, Naziha alitazama sufuria na kumkumbuka Bi Mannubia. Lakini sasa yalikuwa yamebaki makombo, na mtu mwenye adabu hampelekei jirani makombo, hasa jirani aliyemfundisha kupika. Akasema kesho. Kesho yake picha ilichelewa vilevile. Akasema kesho tena.

Siku zilivyozidi kupita, jambo lenyewe likazidi kuwa zito. Bakuli lililokaa siku nyingi namna ile haliwezi kurudi na supu tu, aliona, lazima lirudi na kitu cha maana, makrudi za semolina na tende labda, zilizochovywa asali, ili kufidia. Makrudi zataka nafasi, na nafasi hakuwa nayo. Tena, kwa kweli, bakuli lenyewe alikuwa akilihitaji kila jioni. Picha bila samaki yule watu waliuliza, "Leo bakuli letu liko wapi?"

Mtaniuliza, na Bi Mannubia kwa nini asibishe hodi? Wa kwetu hawaulizi hivyo. Bakuli likiwa kwako, zamu ni yako. Kumfuata mtu aliyeshika bakuli lako, tena saa ya kufuturu, ni kuomba. Na mwanamke yule alikuwa amekula mkate mkavu maishani mwake, lakini kuomba hajawahi.

Walikutana mlangoni mara moja, katikati ya mwezi. Bi Mannubia alikuwa amepungua, mtandio umemlegea mabegani. Wakaamkiana kama kawaida, wakaulizana hali.

"Harufu ya supu yako inanifikia, binti yangu," alisema kizee yule, akitabasamu. "Mkono wako haujapotea."

"Ni wewe uliyenifundisha, Mama Mannubia! Inshallah nitakuja, shughuli tu zimenizidi."

"Inshallah. Mungu akusaidie."

Masikini Naziha! Alichukua maneno yale akafurahi nayo. Jioni aliyaandika kundini: "Hata jirani yangu, mpishi wa zamani, amesifu harufu ya supu yangu." Wakampa makopa. Hakujua kwamba mama yule alikuwa amesema yote ambayo heshima yake ilimruhusu kuyasema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakitenganishwa na ukuta mmoja.

Ilipofika ile siku ya kuamkia usiku wa ishirini na saba, kundi zima lilikubaliana kuonyeshana meza. Naziha alikuwa jikoni tangu adhuhuri. Alasiri alisikia mlango wa jirani ukigongwa. Ukagongwa tena, kwa kiganja, kwa ngumi.

Alikuwa Latifa, amekuja kutoka Susa kumletea shangazi yake nguo ya sikukuu.

"Dada Naziha, shangazi katoka? Simu hapokei tangu jana."

Naziha aliutazama ukuta. Hakujua. Ukuta mmoja, na hakujua.

Ridha alipanda juu ya paa, akashukia uani kwa Bi Mannubia, akawafungulia kwa ndani. Walimkuta ameanguka jikoni, amelala ubavu, midomo imekauka, nyonga imevunjika. Yu hai. Mezani palikuwa na kipande cha mkate, kisahani cha mafuta ya zeituni na nusu kitunguu. Jiko lilikuwa baridi na kavu, halijapikiwa siku nyingi; nguvu za kupika zilikuwa zimemwishia.

Latifa alipiga magoti akamwinua kichwa, analia. Halafu akamgeukia Naziha.

"Mbona jikoni hamna kitu? Kila nikimpigia aliniambia usije, usijisumbue na watoto, Naziha ananiletea supu kila siku. Kila siku! Mimi nikatulia, nikasema shangazi yangu ana mtu."

Naziha alitamani ardhi ipasuke. Yeye alikuwa amemsahau mama yule, na mama yule alikuwa akimsitiri.

Meza ya usiku ule haikupigwa picha. Simu ililia jikoni, watu wa kundini wanauliza yuko wapi, ikalia mpaka ikazimika yenyewe.

Kesho yake alipika supu. Akapakua upawa wa kwanza kwenye bakuli la samaki, akalifunika kwa kitambaa, akalipeleka hospitali akiwa amelikumbatia. Bi Mannubia alikuwa mdogo sana kitandani. Naziha akamwinua, akamnywesha kijiko kimoja. Kizee akaiweka supu mdomoni kwanza, akaionja, kama alivyokuwa akifanya siku za mafunzo.

"Mnanaa uko wapi?"

Naziha aliinamisha kichwa. "Niliacha kuutia, mama. Unatia supu weusi. Kwenye picha haupendezi."

Bi Mannubia alilitazama bakuli. "Kumbe mnakula kwa macho siku hizi," akasema, na Naziha hakujua kama ni mzaha.

"Mama, kwa nini hukugonga? Ungegonga ukuta tu! Ungenitukana, ungesema Naziha we mwizi, nipe bakuli langu!"

"Bakuli lilikuwa kwako, binti yangu. Ningekujaje?" Akapumzika. "Nilikuwa nakaa pale jikoni, karibu na ukuta, nakusikia unavyosogeza vyombo. Nikawa nasema, sasa anapakua. Sasa anakuja."

"Na Latifa ukamwambia nakuletea."

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto niliyemlea kanisahau? Aibu yako si yangu?"

Naziha alilia mpaka muuguzi akamtoa nje. Bi Mannubia alikunywa vijiko vingine viwili, kwa ajili yake tu, kisha akasema ameshiba.

Baada ya Idi, Latifa alimchukua Susa. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Naziha alikuwa akipanda juu ya paa kumwagilia lile debe la mnanaa kwa ndoo na kamba, na mara mbili alipanga safari ya kwenda kumwona. Mara ya kwanza Ridha aliugua. Mara ya pili ilikuwa imeshapangwa siku ya Ijumaa, na Latifa akatokea Jumatano, peke yake, amevaa shela nyeupe ya msiba.

"Amekwenda," alisema mlangoni. "Alikwenda salama, alikuwa amelala."

Chini ya mkono alikuwa na kifurushi. Ni lile bakuli, lililokwenda Susa pamoja na mgonjwa. Ndani mlikuwa na mnanaa mkavu, umefungwa kwenye leso. Mama yule alikuwa ameuchuma debeni siku waliyomhamisha, akitegemezwa na Latifa, akaukausha dirishani kwa Latifa kule Susa.

"Aliniusia nikuletee," Latifa alisema. "Alisema halirudi tupu."

Naziha alilipokea kwa mikono miwili. Na sisi wa kwetu tunajua maana yake. Zamu ilikuwa imerudi kwake, na mlango wa kupeleka haupo tena.

Alikaa wiki nzima hajagusa simu. Kisha akaandika kundini, akayasema yote, bakuli ni la nani, supu ni ya nani, na yeye alimfanyia nini mwenye bakuli. Mwisho akaiandika upya ile supu ya friki, na mstari wa kwanza ukawa huu: "Kabla ya kila kitu, tafuta bakuli la jirani." Wapo waliosema anatafuta huruma. Wapo waliotoka. Faiza alimpigia simu, akasema ana kikapu cha bibi mmoja wa ghorofa ya chini tangu mwaka jana.

Bakuli la samaki liko rafuni kwa Naziha hadi leo. Kila jioni hulijaza kwanza, akalitoa kwenda nyumba moja au nyingine ya mtaa, na kila linaporudi na kitu ndani yake, utamwona akigeuka kuutazama ule ukuta. Ridha haulizi tena anatazama nini.

FUNZO

Jamani, kugawana mapishi na watu wa mbali ni jambo jema, na sijakuja kuwavunjia makundi yenu. Lakini picha ya chakula haijapata kumshibisha mtu. Mpe wa mbali maelezo, mpe wa karibu upawa, tena upawa wa kwanza, ukiwa wa moto. Usingoje upate kitu kikubwa ndipo urudishe chombo cha mtu; tende tatu za leo zinatosha, na makrudi za kesho huenda zisimkute. Na jirani akikwambia harufu ya chakula chako inamfikia, usifurahi. Chukua sahani uende.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Naziha anaye, analala naye na kuamka naye. Haya, inukeni sasa mkatazame makabatini mwenu. Kuna chombo cha mtu humo.