Karanga Zilizokaangwa Mara Mbili

Kila mchana kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikwenda kucheza, yeye akaenda kuwa mama. Ndivyo walivyomtania wapangaji wa lile jengo lao, ambalo vyumba vyake vilitazamana pande mbili za korido moja ndefu. Walimwita Sisimizi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amekaa bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Akitoka shuleni alimchukua mdogo wake kwa bibi jirani, akateka maji bombani, akawasha jiko, akapika, akaosha vyombo, ndipo akafungua daftari. Mara nyingi usingizi ulimkuta kwenye hesabu ya pili.

Mdogo wake, mwenye miaka minne, aliitwa Kinda. Baba yao alikuwa dereva wa lori na maisha yake yalikuwa barabarani. Mama alishona kola za sare katika karakana, kola na kola kutwa nzima, na jioni alirudi miguu imevimba. Aliketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Mwanangu, nivue viatu. Mgongo umegoma kuinama." Sisimizi alimvua, akamletea maji ya kuoga. Mama alipomuuliza habari za siku, alijibu, "Nzuri, mama," hata kama hazikuwa nzuri.

Kitu kimoja hakikuingia kabisa chumbani mwao, nacho ni karanga. Kinda alipokuwa mchanga, mtu fulani alimlisha uji wenye karanga, uso ukamvimba hadi macho yakafumbika. Kwenye zahanati mama aliambiwa kwamba mtoto ana mzio wa karanga. Tangu siku hiyo neno lake lilikuwa moja: "Karanga na Kinda ni chui na mbuzi. Hawalali zizi moja."

Wiki hiyo Kinda aligoma kula mboga. Sisimizi alimbembeleza, akamwimbia, akamtisha kidogo, wapi. Mtoto alifumba mdomo kama mlango wenye komeo. Akishinda na njaa alilia usiku, na akilia, mama hakulala. Siku ya nne Sisimizi alikwenda bombani kuteka maji, macho yakiwa mazito. Alimkuta huko rafiki yake wa darasani, msichana aliyeitwa Profesa kwa sababu hakukosa jibu, liwe sahihi au lisiwe.

"Uso huo vipi? Kama shati ambalo halijaona pasi," alisema Profesa.

"Kinda hali. Jana mboga kanitemea kwenye kitabu cha sayansi."

"Kwenye sayansi? Basi keshaanza masomo."

Sisimizi alicheka kwa pua tu. "Ningetia karanga zilizopondwa, mboga zingekuwa nzito na tamu, angekula. Lakini ndiyo hivyo."

Profesa aliinamisha kichwa, akafikiri. "Ngoja nikuambie. Mdogo wangu akila yai ambalo halijaiva vizuri, anatoka vipele mwili mzima. Lakini keki anakula, na keki ina mayai. Hapati kitu. Mama anasema moto wa tanuri unaua ule ubaya."

"Kwa hiyo karanga nazo?"

"Zikaange kweli kweli. Moto ni moto, Sisimizi. Njoo, kwetu zipo, nikupe konzi moja."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuwa mtoto mjinga. Ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu lililo karibu. Alizikaanga karanga mpaka zikabadilika rangi. Kisha akaona haitoshi, akazimenya, akazirudisha kikaangoni, akazikaanga tena hadi zikakaribia kuungua. Kwa hesabu yake, ubaya wowote uliokuwamo ulikuwa umekwisha. Akaziponda, akazitia kwenye mboga.

Kinda alionja, akatazama sahani, akaila yote. "Ongeza, dada," alisema.

Sisimizi alijiona amepata nafuu ya dunia. Alifungua daftari, akaandika hesabu ya kwanza. Hakufika ya pili.

"Dada, ulimi una miiba," alisema Kinda. Alikuwa akijikuna midomo. Midomo ilikuwa inavimba. Shingoni kulikuwa na mabaka mekundu yaliyotuna, na alipokohoa, pumzi ilitoka na mlio mwembamba. Sisimizi alimbeba mgongoni, akakimbia. Zahanati haikuwa mbali, lakini siku hiyo barabara ilionekana kurefuka, na ule mlio ulikuwa sikioni mwake njia nzima.

Muuguzi alimpokea mtoto na kumlaza. "Ana pumu huyu?"

"Hapana. Sijui."

"Amekula nini?"

Sisimizi alimwona mama yake mawazoni, ameketi ukingoni mwa kitanda. "Mboga," alijibu. "Mboga tu."

Tabibu alikuja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na macho ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Alisikiliza kifua, akatazama midomo. "Kifua kinapiga filimbi," alimwambia muuguzi. "Lete mashine ya kuvuta dawa ya pumu, na uniandalie ile sindano ya mzio." Kisha akamgeukia Sisimizi. Hakupaza sauti. "Dada mkubwa, hapa sina fimbo. Sitamwuliza mtu yeyote isipokuwa wewe, maana wewe ndiye uliyekuwepo. Kwenye mboga kulikuwa na nini?"

Sisimizi alimtazama mdogo wake, akaona kifua kinavyopanda na kushuka kwa shida.

"Karanga," alisema. "Ana mzio wa karanga. Tuliambiwa hapa hapa. Nimemlisha mimi."

"Ahsante," alisema tabibu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye sindano. Alimchoma Kinda pajani. Muda si mrefu ule mlio ulianza kulegea, na rangi ikarudi midomoni. Muuguzi alimpigia mama simu karakanani.

"Hatoki hapa mpaka niridhike na hali yake," alisema tabibu. "Hali hii huweza kurudi baada ya kutulia." Kisha aliketi benchini kando ya Sisimizi, akanyoosha miguu, akapumua. "Sasa niambie ulivyofikiri."

Sisimizi alimweleza yote: mboga, Profesa, keki, kikaango. Tabibu hakucheka. Alitoa mfukoni bandeji iliyokatika na kalamu nyekundu.

"Ndani ya yai na ndani ya karanga kuna protini," alisema. "Protini ni kama utepe huu, mrefu, lakini umekunjwa kwa namna yake." Alitia alama mwanzoni mwa bandeji, akatia nyingine mbali, kisha akaikunja mpaka alama mbili zikakaa bega kwa bega. "Mwilini tuna askari wanaoitwa kingamwili. Kila kingamwili ina mikono miwili. Haina macho. Inatambua kwa kugusa, na kiganja chake kinaenea mahali padogo sana pa protini, pale tu umbo linapolingana nacho. Watoto wengine wenye mzio wa yai, kingamwili zao hushika hapa, penye alama hizi mbili zikiwa jirani. Sasa moto."

Aliivuta bandeji, ikakunjuka. Alama zilikuwa zimeachana.

"Hazipo pamoja tena," alisema Sisimizi polepole. "Kwa hiyo haishiki."

"Haishiki. Ndiyo maana baadhi yao hula keki. Si wote, na si jambo la kujaribiwa jikoni bila daktari." Akageuza bandeji upande wa pili, akachora nukta nyekundu kwa mstari, moja baada ya nyingine. "Karanga ni habari nyingine. Kingamwili nyingi za karanga hushika nukta zilizofuatana kwenye utepe wenyewe. Ikunje, ikunjue, nukta zipo palepale. Moto wa kikaango haukati utepe huu. Tena karanga zikikaangwa, baadhi ya protini zake hushikwa kwa nguvu zaidi."

"Nilizikaanga mara mbili," alinong'ona Sisimizi.

"Nimesikia, mwanangu."

Sisimizi aliigusa bandeji kwa kidole. Kisha akauliza, "Lakini kushika tu kunamvimbishaje?"

"Swali zuri. Kingamwili hizo zimesimama juu ya seli zilizojaa vifuko vidogo vya kemikali. Protini moja ikishikwa na kingamwili mbili zilizo jirani, seli hupata ishara ya hatari, vifuko vinafunguka. Kemikali ikimwagika, ngozi inawasha na kuvimba, njia ya hewa inabana. Mwili wake unapigana kwa nguvu zote na adui ambaye si adui."

Mama alifika na vipande vya nyuzi vimemganda kwenye nguo. Alimpapasa Kinda kichwani, akamsikiliza anavyopumua, kisha akaketi mahali palipokuwa wazi. Tabibu alifungua mdomo kueleza, lakini Sisimizi alimtangulia.

"Mama, nilimpa karanga. Nilidhani moto umeziua. Na muuguzi aliponiuliza, nilisema uongo kwanza."

Mama alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia kwamba Kinda hali chakula?"

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Na wewe?"

Sisimizi alitaka kusema hajambo, kama kawaida yake. "Na mimi nimechoka," alisema, machozi yakamtoka.

Mama alimvuta, kichwa chake akakiegemeza begani. "Kumbe tumekuwa tukifichana uchovu humo ndani," alisema. "Kesho nitazungumza na bibi jirani. Mtoto atakula mchana huko huko kwake, nami nitamshonea nguo zake. Nitamkumbusha habari ya karanga kabla hajashika sufuria. Wewe ukitoka shule, daftari kwanza."

"Na yule Profesa wenu umlete hapa," alisema tabibu. "Mwambie simgombezi. Nina bandeji nyingine."

Muuguzi aliyekuwa akipita alicheka. Tabibu hakucheka, alimtazama Sisimizi usoni.

"Umefanya makosa mawili leo, na hayalingani. La kwanza lilitokana na kutojua, nalo halina aibu, dawa yake ni kuuliza kabla ya kujaribu. La pili ni lile neno 'mboga tu'. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulijifichua mwenyewe, mapema, ukiwa na hofu. Ndiyo maana tunaongea hapa tukiwa tumetulia. Likumbuke hilo zaidi ya bandeji."

Saa kadhaa baadaye, usiku ukiwa umeingia, tabibu alimsikiliza Kinda kifua mara ya mwisho na kuwaruhusu. Mama alimbeba mtoto, Sisimizi akabeba mkoba wa mama. Hakuna aliyekuwa na haraka. Njiani mama alisimama mara moja kupumzisha mgongo, na Sisimizi, bila kuambiwa, alisema kwamba hata yeye angependa kupumzika kidogo. Wakaketi wote watatu kwenye ukuta mfupi wa kando ya barabara, wakimsikiliza Kinda akipumua usingizini bila mlio wowote.